Anayelala na mgonjwa mchango wake unaandikwa wapi? Uzi wa tunaouguza wazazi

mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo naliandika lote, ni refu mnivumilie.

Mzazi akianguka kinaitwa kikao, kama siyo pale uwanjani basi kwenye grupu la WhatsApp la familia, na kikao hicho kinaongea hela tu. Fulani elfu thelathini kwa mwezi, fulani hamsini, aliyeko nje laki, orodha inaandikwa, dua inasomwa, watu wanashukuriana. Halafu kuna mtoto mmoja, mara nyingi wa kike, mara nyingi ndo yule aliyeachika au hajaolewa au kazi yake iko karibu na nyumbani, mbele ya jina lake panaandikwa "yupo na mama". Basi imeisha hiyo. Hakuna anayeuliza huko kuwepo na mama ni kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi.

Kwenye orodha yetu huyo ni mimi. Nafundisha shule ya msingi huku Muheza, mama yetu kapita miaka 70, kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, mkono haunyanyuki na mguu anauburuta akishikiliwa. Baada ya hapo akili nayo ikawa inakwenda na kurudi. Anaongea vizuri tu, lakini anakuuliza "baba yenu keshakula?" tena na tena kabla hujaepua sufuria, na baba alishatangulia mbele za haki. Usiku ndo anachangamka, anataka kwenda shamba kuchuma machungwa, na shamba lenyewe tulishauza.

Siku yangu iko hivi. Alfajiri saa kumi namuamsha, namtoa pampasi, namfuta, naangalia kiunoni na visigino kama pana wekundu, namgeuza. Uji anakunywa kijiko kwa kijiko akiwa amekaa wima kabisa maana akimeza huku kalala unampalia. Dawa ya presha, dawa ya kuzuia damu kuganda. Saa moja kasoro niko barabarani kwenda shule. Anabaki na dada wa kazi, na dada wa kazi hawakai kwangu jamani, wao wanakuja kwa makubaliano ya kupika na kuangalia watoto, ukiongeza na kumuogesha bibi anamaliza mwezi anakuaga kwa adabu kabisa kwamba kwao kuna msiba. Siwalaumu, mshahara wa hausigeli haulingani na kazi ya nesi. Jioni nikirudi ni mashuka. Aliyeko Dar akishatuma hela ya pampasi kwake suala limekwisha, hajui kwamba pampasi inavuja, godoro linalowa, na maji ya bomba mtaani kwetu yana siku zake.

Kazi nimeizoea. Kinachoniumiza ni ndugu kupiga video koli Jumapili halafu neno la kwanza "mbona mama kakonda hivyo?"

Na kuna hili ambalo watu hatulisemi. Tumelelewa kwamba mzazi hata "ah" humwambii. Saa nane usiku mtu anakuvuta kanga anataka kwenda shamba, umeshamrudisha kitandani mara nyingi huna hesabu, saa kumi ndo hiyo inakuja, hiyo "ah" unaisikia iko kooni. Ukijaribu kumwambia mtu kwamba umechoka unajibiwa "vumilia, unachuma radhi". Radhi za mama nazitaka mno, hakuna ninachokitaka zaidi ya hicho, ila na mwili wangu unahitaji usingizi ndo kesho niweze kumnyanyua tena.

Ombi langu kwa familia zote ni moja, kikao kikikaa ziandikwe kwanza siku na usiku, nani analala na mgonjwa lini, hela zifuate baadaye. Naombeni uzoefu wenu, mnapangaje?

---

nesi wodi ya wanawake

Pole sana mwalimu, na hongera, mgonjwa wa kiharusi anayeangaliwa visigino kila asubuhi ni wachache mno, sisi wengi tunawapokea wakiwa tayari mfupa wa kiunoni unaonekana.

Naongezea ya kazini. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya masaa mawili, weka mto katikati ya magoti na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Ukiona pamekuwa pekundu usipasugue wala usipake spiriti, paondolee uzito tu. Na ule mto wa duara wenye tundu katikati watu wanaonunua wakidhani unasaidia, acheni, unabana damu pembeni.

Mkono uliopooza usimnyanyue kwa kuuvuta hata siku moja, bega linachomoka taratibu na maumivu yake hayaishi. Kumvisha nguo unaanza na mkono mgonjwa, kumvua unaanza na mzima. Chakula unampitishia upande wenye nguvu, kidevu kiiname kidogo, na akimaliza akae hivyo hivyo kama nusu saa ndo umlaze.

Sasa hili la usiku. Nakuomba na wengine mnaosoma, kuna watu wanawapa wazee Piriton, ile dawa ya mafua na aleji, ili walale, ushauri wa duka la dawa au wa jirani. Mzee mwenye shida ya kusahau ukimpa hiyo unamzidishia kuchanganyikiwa, anabanwa mkojo, anaamka na kizunguzungu anaanguka, nyonga inavunjika na hapo ndo unaanza safari nyingine kabisa. Akibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, yaani jana alikuwa anakujua leo anapigana na nyie, usiseme ni uzee, mpeleke apime mkojo, wazee UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inawapanda kichwani bila hata homa. Angalia pia kama hajapata choo siku kadhaa au hanywi maji.

Na akikuuliza kuhusu baba usimwambie "baba alikufa", kila ukimwambia kwake ni msiba mpya. Mwambie baba hana njaa, halafu muombe akuchambulie mchele au akukunjie nguo kwa ule mkono mzima.

---

Tabata tunabanana

Mwalimu nimekusoma neno kwa neno na mimi niko upande ule mwingine, ngoja na sisi watuma hela tusikike kidogo.

Mimi ndo kaka mkubwa kwetu. Napanga vyumba viwili, mke na watoto wanne, natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku kwa sababu ya foleni. Nikimleta mzee huku atakaa na nani? Mchana kutwa atakuwa amefungiwa ndani na televisheni. Alishakuja mara moja akawa analia arudishwe kwake Lushoto akaone migomba yake. Kwa hiyo mimi mchango wangu ni hela, na hiyo hela mnayoiona ndogo kuna miezi naikopa kwenye vikoba. Na kila simu ya dada ikiita moyo unapasuka kwanza kabla sijapokea, najua ama mzee kafa ama hela imeisha. Msidhani aliye mbali analala.

Na jingine, kwa mila zetu mzazi anakaa kwa mtoto wa kiume, sasa ninyi mabinti mkimchukua mkaja kulalamika tunashindwa kuelewa.

---

mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Kaka wa Tabata asante kwa kusema ukweli, hilo la simu kuita sijawahi kulifikiria, nimeliona sasa.

Ila la mila tuliangalie vizuri. Mila ilisema mzazi akae kwa mtoto wa kiume kwa sababu kule kuna mke wa huyo mtoto. Yaani kwa mila yenyewe aliyekuwa anageuza mgonjwa na kufua ni mkamwana, mwanaume alikuwa anasalimia asubuhi na kutoa ng'ombe auzwe. Kwa hiyo kiume au kike, mikono ni ya mwanamke yule yule. Mume wangu mimi amekubali mama alale nyumbani kwake na hajawahi kuninunia hata siku moja, Mungu amlipe, ni wangapi wangekubali?

Sikukatalii vyumba viwili, nayajua maisha ya Dar. Nakuuliza likizo. Ukipata likizo ya mwaka unaweza kuja kulala wewe chumba cha mama wiki moja tu, mimi nikaenda kwa shoga yangu Pangani nikalala usiku mzima? Wiki moja hiyo ina thamani kwangu kuliko laki mbili, nakuapia.

---

mwana wa pekee

Naandika kwa mara ya kwanza humu. Mimi ni mwanaume, kwetu tumezaliwa wawili, dada alifariki, mama yangu ni mimi tu. Sijaoa na nadhani hii ndo sababu mojawapo, binti akija akiona hali ya nyumbani harudi.

Shida yangu ni stara. Mwanzoni nilikuwa namlipa jirani aje kumuogesha asubuhi na jioni, akahama. Shangazi aliyebaki naye ni mzee. Ikabidi niingie mwenyewe. Mama alilia siku ile, akageukia ukutani, na mimi nilikuwa nje nalia. Sheikh wa msikitini nilimuuliza akanambia pasipo na mwanamke wa kufanya basi ni dharura, fanya huku umemfunika na ukiwa na kitambaa mkononi. Ndivyo nafanya mpaka leo, nampa kanga anajifunika mwenyewe kwa mkono wake, namsogezea beseni, pale anapofika mwenyewe anajiosha, pasipofikika ndo nasaidia nikiwa naongea habari za Simba na Yanga muda wote ili asiwaze. Yeye ni Yanga.

Nilichojifunza, mgonjwa muachie kile kidogo anachoweza hata kama kinachukua nusu saa. Ukimfanyia kila kitu anakata tamaa.

---

nzega mjini

Mwalimu umesema mama anataka kutoka usiku, nakuomba weka komeo la juu mlangoni ambalo hazoei kuliangalia na taa ndogo iwake korido, na majirani wote wajue ana ugonjwa. Naongea hivi nikiwa natokea kanda hii yetu.

Huku Tabora na Shinyanga vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga wakishukiwa uchawi, bibi ana macho mekundu ya miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe basi anaambiwa mchawi. Sasa fikiria bibi mwenye ugonjwa wa kusahau, katoka saa nane usiku, kapotea, kakutwa asubuhi uwanjani kwa watu hana nguo na hajui jina lake. Mnajua watu wanavyosema, kadondoka na ungo. Zile habari za "mchawi kaanguka" mimi siku hizi nikizisikia naumia, nawaza yule ni mama wa mtu alikuwa anatafuta nyumba ya utotoni kwao. Bibi yangu mzaa baba alianza hivyo hivyo, baba akampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji mchana, akawaambia watu kwenye mkutano kabisa kwamba mama yangu ubongo unaumwa, mkimuona usiku nipigieni. Watu wakawa wanamrudisha wenyewe kwa baiskeli. Kuficha ndo hatari.

---

mpenda maendeleo

Kwani kwa nini tusifanye kama Ulaya, nyumba za wazee, unalipia wanaangaliwa na wataalamu na wewe unaendelea na maisha? Tuache mihemko.

---

mtu wa Ng'ambo

@mpenda maendeleo, huku Unguja tuna Sebleni na Welezo, na bara mna Nunge pale Kigamboni na Fungafunga Morogoro, lakini hizo ni za serikali kwa mzee asiyejiweza aliyekosa mtu, si pahali pa kumpeleka mamako ukenda zako. Wala sisemi kwa kubeza, wale wazee wanapata stara yao. Ila aliye na watoto haingii kwa mlango huo.

Cha kwetu cha kujivunia ni pensheni jamii, tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 hupata, awe alikuwa karani au mvuvi, haiulizwi. Ilianza 20,000 kwa mwezi, sasa 50,000. Haimalizi shida, lakini mzee akiwa na yake mkononi huwa na kauli ndani ya nyumba. Bibi yangu akipokea humpa mjukuu ya madaftari, yule mjukuu ndo hamuachi hata kidogo.

---

mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Mtu wa Ng'ambo mmetuzidi hapo, bara hatuna hiyo ya kila mzee.

Kwa wa bara wenye wazee wasio na bima, mzee wa miaka 60 kwenda juu asiyejiweza ana haki ya matibabu bure hospitali za serikali, unaanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, barua inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, mpaka apate kitambulisho. Dirisha la wazee lipo, dawa ndo mara nyingine unaandikiwa ukanunue nje, hilo mjiandae nalo. Sisi watumishi bima ya afya ya NHIF inachukua mwenza na wategemezi wanne, wazazi wanaruhusiwa, mimi nina watoto watatu nafasi ya nne nikamuweka mama, ndo kadi inayotuingiza hospitali ya Bombo pale Tanga. Wenye watoto wanne najua mnachagua nini na nini, poleni.

---

afisa utumishi

Mleta uzi naomba niguse la kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipotungwa iliweka likizo ya siku 4 yenye malipo kama mtoto wako anaumwa au amefariki, na kama mzazi wako AMEFARIKI. Mzazi kuumwa haikuandikwa. Yaani mfanyakazi akija ofisini kwangu kuaga akamuuguze mama aliyelazwa inabidi nimtafutie njia, nimkatie kwenye likizo ya mwaka au bosi awe na utu. Akija kusema mama amekufa fomu iko tayari. Huwa inaniumiza kila nikiifikiria, tunapewa muda wa kuzika ila wa kuuguza hatupewi. Ushauri wangu ongea na mwalimu mkuu uwe unapewa vipindi vya kati, visiwe vya kwanza asubuhi, wengi wanakubali ukiwaeleza mapema kabla hujaanza kuchelewa.

---

nipo Muscat

Nimesoma uzi wote niko jikoni kwa watu hapa Muscat, imebidi nikae chini.

Kazi yangu huku ni kumwangalia bibi wa nyumba, mama wa bosi, ana kiharusi kama mama yako dada mwalimu. Namuogesha, namlisha, namgeuza, nimefundishwa na nesi anayekuja, najua mpaka kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kwa mkanda wa kiunoni bila kuumia mgongo. Na mama yangu mimi yuko Korogwe anauguzwa na mdogo wangu wa kike ambaye aliacha chuo. Hela ninayopata kwa kumgeuza mama wa watu ndo inanunua pampasi za mama yangu. Bibi wa hapa ananipenda, akiniita "binti" nageuza uso.

Uzi huu umenifanya nimpigie mdogo wangu leo na sikumuuliza mama kaamkaje. Nimemuuliza yeye kalala saa ngapi. Alikaa kimya halafu akaanza kuongea mpaka vocha ikaisha. Nimemwambia kuanzia mwezi huu kuna hela ya mama na kuna hela yake yeye, tofauti, asinipe hesabu yake, na nimeongea na binamu yetu aje Ijumaa mpaka Jumapili kila wiki nitamlipa mimi. Chuo arudi, hata cha jioni.

Huo mkanda dada fundi cherehani yeyote anashona, turubai au kitambaa cha jinzi, mikono minne ya kushikia kama ya begi. Unamfunga kiunoni, unayakunja magoti yako, unamsogeza karibu na mwili wako, mnahesabu pamoja mpaka tatu ndo anasimama. Usimnyanyue kwa makwapa.

---

mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Dada wa Muscat umenitoa machozi, Mungu akufikishe umkute mama.

Nirudishe mrejesho maana wengi wameniuliza inbox. Uzi huu niliutuma kwenye grupu la familia kama ulivyo, sikuongeza neno. Siku nzima watu wamesoma kimya, bluu tiki tu. Jioni kaka yetu wa pili akapiga, akasema "hebu niandikie mama anaamka saa ngapi na anakula nini", nikamwandikia ratiba nzima ya siku na usiku, kila dawa na saa yake. Tukakaa kikao kwa simu. Tumekubaliana hivi, yeye anakuja wiki ya kwanza ya Desemba shule zikifungwa analala chumba cha mama, mke wake kasema atakuja naye Pasaka. Mdogo wetu wa Arusha hawezi kuja, ana mtoto mchanga, yeye analipa mama mtu mzima wa hapa hapa mtaani aliyewahi kuuguza mume wake, atakuwa anakuja usiku wa Jumanne na Alhamisi, kazi yake mgonjwa tu, kufua na kupika siyo kwake. Ameshaanza. Jumanne iliyopita nimelala mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta bado kitandani, nikaamka nimeshtuka nikakimbia chumbani, nikakuta mama keshafutwa, anakunywa chai, ananiuliza mimi ni mtoto wa nani mbona mzuri hivi.

Ndugu mmoja kanuna, kasema nimeanika mambo ya nyumbani, nimemwachia apoe.

Mkanda nishapeleka kwa fundi. Komeo la juu tayari. Kilichobaki ni lile godoro la upepo la kuzuia vidonda, mwenye kujua Tanga mjini linapatikana duka gani, au anayeuza lililotumika likiwa na pampu yake nzima, anijibu hapa hapa au aje inbox na bei.